Msitu Tunaupita, Bembea Tunazifuata

Asubuhi moja ya muhula wa pili nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya Kakamega kuelekea Kisumu, karibu na Ilesi, nikisubiri matatu ya kunifikisha Khayega. Mabasi matatu ya shule yalipita mbele yangu yamejaa watoto walioimba kwa furaha isiyo kifani. Walikuwa wakienda Nairobi kwa ziara ya masomo. Katika basi la pili alikuwemo mpwa wangu wa Gredi ya Sita, ambaye mama yake alikuwa ameuza mboga sokoni kwa majuma kadhaa ili apate nauli na kiingilio chake. Mabasi yale yalilipita Jiwe Linalolia, mwamba ule mashuhuri ambao maji huuteremka mithili ya machozi, na sikuona hata shingo moja iliyogeuka kulitazama.

Juma lililofuata nilimuuliza kijana yule aliona nini huko alikokwenda. "Mjomba," akanijibu, "tulipanda bembea ndogo mara mbili. Ile kubwa ilikuwa imeharibika. Halafu tukala chipsi, tukarudi." Nikamuuliza tena, bustani hiyo ilihusu nini hasa? Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba nimemuuliza mvua inahusu nini.

Ukosefu wa jibu hilo ndio ulionifanya nishike kalamu. Siku hizi yanasikika mazungumzo mengi, katika mikutano ya kaunti na hata katika vikao vya chai vya walimu, kwamba eneo letu la magharibi nalo linastahili bustani kubwa ya burudani, yenye vitelezi vya maji na vigari vya relini vinavyopaa na kuporomoka. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Vijana wetu hawana ajira, na biashara ya burudani ni biashara kama nyingine. Lakini je, biashara hiyo huuza nini? Na je, sisi tunacho cha kuuza?

Mimi ni mtu wa isimu, si wa uchumi, kwa hiyo msomaji ataniwia radhi nikianza na maneno. Lugha yetu ya Kiswahili ina majina kadhaa ya mahali pa namna hii. Watu wa pwani husema mapembea, na kila sikukuu ya Idi watoto wao huvaa nguo mpya wakayakimbilia. Ndugu zetu wa Zanzibar husema kiwanja cha kufurahishia watoto, na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa huko una viwanja vya aina hiyo, kimoja Kariakoo kisiwani Unguja na kingine Tibirinzi kisiwani Pemba. Sisi wa bara husema bustani ya burudani. Majina haya yote ni mazuri, lakini yatazame vizuri: la kwanza linataja chombo, la pili linamtaja anayefurahishwa, la tatu linataja raha yenyewe. Hakuna hata moja linalotaja maudhui. Na maudhui ndiyo roho ya biashara hii kama ilivyokua duniani tangu katikati ya karne iliyopita.

Tofauti ni hii. Katika uwanja wa bembea, bidhaa ni chombo: unalipa, unapanda, unashuka, basi. Katika bustani ya maudhui, chombo ni punda tu, na mzigo ni hadithi. Walt Disney alipofungua bustani yake mjini Anaheim, California, mwezi wa Julai mwaka 1955, bembea zilikuwa zimekwisha kujaa Marekani nzima. Jambo alilolifanya ni kumwingiza mgeni ndani ya hadithi ambazo tayari alizijua na kuzipenda, kisha akamuuzia chakula, kofia na vinyago vya hadithi hizo hizo. Kiingilio peke yake hakitoshi kuiendesha biashara hii. Faida hutafutwa pia katika kile anachokula mgeni, anachokinunua kwenda nacho nyumbani, na mahali anapolala.

Wanaodhani kwamba hadithi ni mapambo tu na wautazame mfano wa Japani. Bustani ya Disney mjini Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 1983, haimilikiwi na Disney. Ni mali ya kampuni ya Kijapani iitwayo Oriental Land. Ardhi ni yao, majengo ni yao, wafanyakazi ni wao. Hata hivyo, mwaka nenda mwaka rudi, kampuni hiyo huwalipa Wamarekani mrabaha kwa ajili ya majina, sura na hadithi. Ama kweli, asiye na hadithi yake hukodi ya mwenziwe.

Nako Ufaransa mambo yalikuwa magumu zaidi. Bustani ya Disney iliyofunguliwa karibu na Paris mwezi wa Aprili mwaka 1992 ilianza kwa hasara kubwa, na kufikia mwaka 1994 ilibidi madeni yake yapangwe upya. Sababu zilikuwa nyingi: riba, uchumi uliodorora, hoteli zilizojengwa kuliko mahitaji. Lakini mojawapo ilikuwa kwamba wenyeji walihisi wameletewa utamaduni wa watu wengine bila kuulizwa. Hata divai haikuruhusiwa mezani, katika nchi ambayo divai ni sehemu ya mlo. Katazo hilo likaondolewa mwaka 1993, na faida ya kwanza ya mwaka ikapatikana mwaka 1995. Kampuni yenye fedha za kutisha ilifunzwa kwamba mgeni huja na lugha yake, chakula chake na fahari yake.

Mfano unaonivutia kuliko yote, hata hivyo, uko Uholanzi, katika mji mdogo wa Kaatsheuvel. Mwaka 1952 wenyeji wa hapo, chini ya wakfu ulioanzishwa kwa ajili ya kutunza bustani ya asili, walifungua msitu wa hadithi za kale uitwao Efteling. Msanii Anton Pieck alichora, mafundi wakajenga, na hadithi zilikuwa zile zile ambazo bibi walikuwa wakiwasimulia wajukuu karibu na moto. Mashine kubwa zilikuja baadaye, fedha zilipopatikana. Leo mahali hapo hupokea zaidi ya watu milioni 5 kwa mwaka. Walianza na miti na ngano. Sisi tuna nini, wandugu, kama si miti na ngano?

Sasa tuutazame uwezekano wa biashara hii hapa kwetu bila kujidanganya. Bustani ya mashine ni biashara ya gharama zisizopungua. Mashine hununuliwa kwa fedha za kigeni, lazima zikaguliwe, vipuri vyake hutoka mbali, na mlinzi, fundi na bili ya umeme hulipwa hata siku ambayo hakuna mteja. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, bustani za Disney za Marekani zilifungwa mwezi wa Machi, na ile ya California haikufunguliwa hadi mwisho wa Aprili mwaka 2021. Kampuni kubwa ilistahimili. Mwekezaji mdogo wa Kakamega angestahimili kwa miezi mingapi?

Isitoshe, mashine huzeeka machoni kabla ya kuzeeka mwilini. Mtoto aliyepanda bembea mara tatu hutaka nyingine ndefu zaidi, kwa hiyo mwenye bustani hulazimika kununua kipya kila baada ya miaka michache ili mteja arudi. Zaidi ya hayo, Kakamega ni nchi ya mvua. Aghalabu jua huwaka asubuhi na mawingu hupasuka alasiri, saa ile ile ambayo bustani ingetarajia kujaa. Watu tunao wengi, kwani hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaunti hii ina watu 1,867,579, lakini wingi wa watu si wingi wa fedha za starehe. Familia inayolipa karo kwa kuuza kuku haitapanda kigari cha relini kila mwezi. Kauli yangu ni kwamba bustani kubwa ya mashine, ikijengwa hapa leo, ina hatari ya kuwa makumbusho ya chuma chenye kutu kabla ya mkopo wake kwisha kulipwa.

Je, tukate tamaa? La hasha. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, na sijui mahali ambapo methali hii inalingana na hali ilivyo kuliko Kakamega. Msitu wetu ndio mabaki ya mwisho nchini Kenya ya ule msitu mkuu wa mvua uliotambaa kutoka Kongo. Uliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1933, na sehemu yake ya kaskazini, huko Buyangu, ikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Humo mna aina zaidi ya 300 za ndege, mna mbega weusi wenye mashuka meupe, mna vipepeo ambao wataalamu huvuka bahari kuja kuwatazama. Katika Shinyalu na Khayega kuna mapigano ya fahali, ambayo huanza alfajiri kwa ngoma na mbio, na ambayo fahali aliyeshindwa hukimbia zake akiwa hai. Kuna mgodi wa zamani wa Rosterman, kumbukumbu ya homa ya dhahabu ya miaka ya 1930 iliyowaleta Wazungu wengi Kakamega wakitafuta utajiri. Na kuna isukuti.

Ngoma ya isukuti, ya ndugu zetu Waisukha na Waidakho, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Wengi wetu tulishangilia tukidhani tumepewa tuzo. Haikuwa tuzo, ilikuwa tahadhari. Orodha hiyo ni kama wadi ya wagonjwa mahututi. Sababu zilizotajwa zilikuwa wazi: watunzi na wachezaji ni wazee wasio na warithi, fedha za ala na mavazi hazipo, na watazamaji huchagua burudani za kisasa badala ya kuialika isukuti. Kwa lugha ya biashara, bidhaa ipo, soko limeondoka.

Hapa ndipo taaluma yangu inaponiuma. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, wengi wao wakiwa wazaliwa wa magharibi, ni nani amewahi kuingia ndani ya msitu wa Kakamega. Mikono huwa michache mno. Nikiuliza ni nani anayeweza kuitaja miti mitano ya msitu huo kwa lugha ya nyumbani kwao, darasa huwa kimya. Mukombero wote wanaujua, kwa kuwa unatafunwa na kuuzwa barabarani. Wachache huutaja murembe, mti ambao wazee wetu waliuapia. Mwiritsa, ambao gome lake lilitafutwa sana na watengenezaji wa dawa wa Ulaya, ni nadra kutajwa. Wanafunzi hupita Mukumu kila wanapokwenda Kisumu, na hawajui kwamba mukumu ni mti, wa jamii ya mkuyu. Jina limebaki kama kibao cha kituo cha matatu, maana imekwenda zake.

Nimewahi kuandamana na kiongozi wa wageni, kijana mwerevu aliyeitaja miti yote kwa Kiingereza na hata kwa Kilatini bila kukosea. Nilipomuuliza bibi yake aliuitaje mti ule uliokuwa mbele yetu, alicheka kwa haya. Hakufundishwa, wala hakuna aliyemdai ajifunze. Mgeni anayetoka Ulaya anaweza kuyapata majina ya Kilatini katika kitabu chake. Kitu ambacho hawezi kukipata kwingine kokote ni kile alichokijua bibi wa kijana yule. Hiyo ndiyo bidhaa, na ndiyo tunayoitupa.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba vijana wanataka mashine, hawataki hadithi za wazee. Lakini tuikumbuke Bamburi, Mombasa. Machimbo ya saruji yaliyoachwa makavu kama mfupa yalianza kupandwa miti mwaka 1971 chini ya usimamizi wa René Haller. Mivinje ikaota, jongoo wakaletwa ili wayasage majani yake yawe udongo, na jangwa likawa bustani inayobeba jina la Haller hadi leo. Baada ya tsunami ya Desemba mwaka 2004, kiboko mchanga aliyepotelewa na mama yake aliletwa hapo kutoka Malindi, akajiambatanisha na kobe mzee kana kwamba ndiye mzazi wake. Watoto wa dunia nzima walimjua kiboko huyo Owen na kobe wake Mzee. Hawakuvutwa na bembea. Walivutwa na kisa, nacho kilisimuliwa vizuri.

Wapo pia watakaosema kwamba kuiweka isukuti mbele ya wateja ni kuuza utamaduni. Hofu hii naiheshimu. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971 ili kuhifadhi na kuonyesha ngoma na maboma ya jamii zetu, imefanya kazi kubwa, lakini taifa linaikumbuka zaidi kwa mkutano wa katiba wa mwaka 2003 hadi 2004 kuliko kwa ngoma zake. Utamaduni ukiwekwa mbali na wenyewe hugeuka pambo la wageni waheshimiwa. Hata hivyo, hapa kwetu isukuti tayari inatumika kuwapokea wanasiasa uwanjani, na mara nyingi mchezaji hurudi nyumbani na nauli tu. Kati ya kuuza kwa bei ya haki na kutoa bure kwa mwenye mamlaka, sioni kwa nini la pili lihesabiwe kuwa heshima zaidi.

Je, lifanywe nini? Kwanza, tuanze na maneno kabla ya saruji. Idara za lugha katika vyuo na shule zetu ziwatume wanafunzi kwa wazee wa Shinyalu, Malinya, Ilesi na Kabras, wakusanye majina ya miti, ndege na mahali, na visa vinavyoandamana nayo, na kuviandika kwa lugha za wenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kazi hii haihitaji mkopo wa benki. Inahitaji daftari na unyenyekevu, na lazima ifanywe sasa, kwa maana kila msimu wa matanga huondoka na maktaba nzima.

Pili, soko la kwanza lisiwe mgeni wa Ulaya, liwe basi la shule. Walimu wenzangu, nyinyi mna soko hilo mikononi. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 unamtaka mtoto ajifunze kutoka kwa mazingira na jamii yake. Aidha, Nairobi ni mbali, na masharti ya kutosafirisha wanafunzi usiku yanaifanya safari hiyo iwe ya kulala na ya gharama. Shule ya Vihiga, Bungoma, Busia au Siaya inaweza kufika Kakamega asubuhi na kurudi kabla ya jua kutua. Mzazi atalipa kidogo, na fedha hizo zitabaki magharibi.

Tatu, tujenge kidogo na kwa mpango: njia ya miguu yenye vituo vya hadithi, banda kubwa la kukinga mvua ya alasiri, jukwaa la isukuti kila Jumamosi kwa ujira uliokubaliwa, jiko la kuuza mrenda na kuku wa kienyeji. Vitu hivi vikae nje ya mipaka ya msitu, kwa maana anayekata mti ili ajenge bustani ya msitu amekula mbegu yake. Na kama baadaye faida itaruhusu bembea moja kwa ajili ya wadogo, sitainyima baraka zangu. Mimi pia niliwahi kuwa mtoto.

Nne, umiliki uwe wa wenyeji. Wakfu au chama cha ushirika cha wanakijiji, wachezaji ngoma na viongozi wa wageni kina sababu ya kuutunza msitu. Mwekezaji wa mbali ana sababu ya kutunza mizania yake tu. Anayenyimwa kuni leo kwa ajili ya watalii lazima aone kwa macho yake kile ambacho watalii wameleta nyumbani kwake.

Faida ya mpango huu haitakuwa ya kutajirisha watu kwa mwaka mmoja. Itakuwa ndogo na ya polepole, lakini mtaji wake haupati kutu wala hautozwi mrabaha na mtu yeyote. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nimemwahidi mpwa wangu kwamba likizo ijayo nitampeleka msituni. Aliniuliza kama huko kuna bembea. Nikamjibu hakuna, ila kuna mti wenye jina la kwao nyanya yake, Mukumu, na tutautafuta pamoja. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kuja na rafiki zake wawili. Walimu, nawaomba muwasaidie wengine kama yeye kuuliza swali hilo. Mnapoketi kupanga ziara za muhula ujao, ulizeni kwanza ni nini kilicho nyuma ya shule yenu.